Konea Baada ya Leza: Kidonda Kinachotakiwa Kupona kwa Kiasi

Konea ni utando unaopitisha nuru kama kioo, uliofunika sehemu ya mbele ya jicho juu ya mboni na duara yenye rangi inayoizunguka, na ingawa watu wengi hudhani kwamba kazi ya kukusanya nuru hufanywa na lenzi iliyomo ndani ya jicho, takriban theluthi mbili za nguvu ya jicho ya kupinda nuru hutokana na mbenuko wa utando huo wa mbele. Unene wake katikati ni karibu nusu ya milimita, na upana wake ni milimita 11 hadi 12, kama kifungo cha shati. Kitu kidogo namna hiyo kikibadilika umbo, hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, picha inayofika kwenye retina, yaani ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea nuru, hubadilika pia. Ndiyo maana mtu ambaye jicho lake limerefuka kupita kiasi, au konea yake imebenuka mno, huona vya karibu vizuri na vya mbali kwa ukungu, kwa kuwa miale hukutana kabla ya kuifikia retina. Upasuaji wa leza haugusi retina wala lenzi, bali hukwangua konea kidogo katikati ili ipungue mbenuko, na miale ikasogea nyuma hadi mahali pake.

Maswali mengi ya wagonjwa huwa juu ya leza yenyewe, kama inauma na kama inachukua muda mrefu, ilhali leza humaliza kazi yake kwa sekunde chache na kuiachia konea kazi ya miezi na miaka. Kazi hiyo ya kupona ina sharti lisilopatikana kwa urahisi mahali pengine mwilini. Kidonda cha mguuni kikifunga kwa kovu nene na gumu, mwenye mguu hushukuru akaendelea na safari; kovu la namna hiyo hiyo likitokea katikati ya konea, nuru haipiti tena sawasawa na jicho hupoteza uwezo wake, hata kama halina maumivu wala uambukizo. Konea iliyokatwa inatakiwa ipone, lakini isipone kwa bidii kupita kiasi, na tofauti kubwa kati ya aina mbalimbali za upasuaji wa leza inatokana na namna kila moja inavyolitatua fumbo hilo.

Ili kuelewa kwa nini kovu ni adui, inafaa kuangalia jinsi konea ilivyojengwa. Juu kabisa kuna epithelia, tabaka la seli lenye unene wa takriban maikroni 50, maikroni moja ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na chini yake kuna utando mwembamba wa Bowman, ambao ukishaondolewa haukui tena. Asilimia 90 hivi ya unene wote ni stroma, iliyofanywa kwa mamia ya shuka za kolajeni zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kolajeni ni ile protini ya nyuzinyuzi inayoipa ngozi na mifupa uimara wake. Nyuma kabisa kuna safu moja tu ya seli za endothelia, ambazo husukuma maji nje ya stroma usiku na mchana ili isivimbe, na ambazo kwa binadamu zikifa hazirudishiwi nyingine. Mwanasayansi David Maurice alieleza mwaka 1957 kwamba konea hupitisha nuru kwa sababu nyuzi zake za kolajeni zina unene unaolingana na zimeachana kwa nafasi zinazolingana, nafasi ndogo kuliko wimbi la nuru, hivi kwamba mtawanyiko wa nuru kutoka uzi mmoja hufutwa na ule wa uzi wa jirani. Weupe wa jicho umejengwa kwa kolajeni vilevile, lakini nyuzi zake hazina mpangilio huo, na kwa hiyo nuru haipiti. Uwazi wa konea, basi, ni suala la mpangilio. Kovu ni kolajeni iliyotengenezwa kwa haraka bila mpangilio, na ndani ya stroma huonekana kama doa jeupe.

Afrika Mashariki inalijua doa hilo kwa uchungu. Trakoma hupinda kope kwa ndani hadi zikaikwaruza konea kila jicho linapopepesa. Surua humpata mtoto mwenye upungufu wa vitamini A ikamwachia konea iliyoyeyuka na kuzibwa na kovu. Jani la mahindi humchoma mkulima jichoni, na kidonda kikashikwa na kuvu, wakati mwingine baada ya kutiwa dawa ya majani iliyozidisha madhara. Katika hali zote hizo mwili umejitahidi kuziba pengo kwa njia pekee unayoijua, na jitihada hiyo ndiyo iliyoifunga njia ya nuru. Upasuaji wa leza uliwezekana tu pale ilipopatikana namna ya kukata konea bila kuuamsha mwili kwa kishindo hicho.

Namna hiyo ilipatikana katika maabara za kampuni ya IBM, jimbo la New York, mwaka 1981, wakati Rangaswamy Srinivasan na wenzake James Wynne na Samuel Blum walipoijaribu leza ya eksima juu ya mabaki ya nyama ya batamzinga wa sikukuu ya Kimarekani ya Shukrani, wakaona imechonga mfereji wenye kingo safi zisizoungua. Leza ya eksima hutoa mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 193. Nguvu yake huvunja viungo vinavyoshikamanisha molekuli kwenye uso wa tishu, vipande vikaruka hewani kabla joto halijasambaa kwa jirani. Daktari wa macho Stephen Trokel alitambua mara moja faida ya jambo hilo kwa konea, na mwaka 1983 yeye na Srinivasan wakachapisha matokeo yao. Mwaka 1988 Marguerite McDonald, huko Marekani, akaifanyia upasuaji huo konea ya jicho linaloona. Pigo moja la leza huondoa takriban robo ya maikroni. Kwa eneo lenye upana wa milimita 6, kila dayopta moja, ambayo ndiyo kipimo cha nguvu ya miwani, huhitaji kuondolewa maikroni 12 hivi, kwa hiyo mtu anayevaa miwani ya dayopta 3 za kuonea mbali hupoteza katikati ya konea yake maikroni 36, kiasi kisichofikia unene wa unywele mmoja.

Njia ya kwanza kuenea, na ambayo bado inatumika sana, huitwa PRK. Daktari hutia matone ya ganzi, huondoa epithelia katika eneo lenye upana wa milimita 8 au 9, kisha leza hukwangua stroma iliyobaki wazi, na mwishowe jicho huvalishwa lenzi laini ya plastiki ambayo hufanya kazi ya bandeji. Mgonjwa hutoka na mchubuko mkubwa kwenye sehemu ya mwili yenye neva nyingi za hisia kwa kila milimita kuliko karibu sehemu nyingine yoyote, na ganzi ikiisha nguvu, siku mbili au tatu za kwanza huwa za maumivu, machozi na kutotaka mwanga.

Kinachotendeka chini ya lenzi hiyo ya bandeji kinastahili kutazamwa kwa karibu. Ndani ya saa chache seli za epithelia zilizoko ukingoni mwa kidonda huacha kugawanyika, hujibana zikawa bapa, huachia vishikizo vilivyokuwa vikizifunga kwenye tabaka la chini, na kuanza kutambaa kuelekea katikati zikiwa zimeshikana mikono kama watu wanaovuka mto. Nyuma yao seli nyingine hugawanyika kujaza nafasi iliyoachwa, na chanzo cha zote kiko pembezoni kabisa, kwenye mpaka wa konea na weupe wa jicho, ambako huishi seli shina, yaani seli mama zinazozaa seli mpya maisha yote ya mtu. Kwa kawaida pengo huzibwa kati ya siku ya tatu na ya tano. Pande zote hukutana karibu na katikati, na mahali zinapokutana hufanyika tuta dogo la seli zilizosongamana, ambalo liko mbele ya mboni hasa. Kwa hiyo mgonjwa aliyekuwa akiona vizuri kiasi siku ya pili huweza kuona vibaya zaidi siku ya nne, akaingiwa na hofu kwamba upasuaji umeharibika, kumbe ni dalili kwamba kidonda kimefungwa. Tuta hilo husawazishwa na kope, ambazo hupita juu yake maelfu ya mara kwa siku, na uoni hutulia taratibu kwa wiki kadhaa.

Chini ya epithelia mambo ni mazito zaidi. Epithelia inapojeruhiwa humwaga kemikali za tahadhari, na seli za stroma zilizo karibu na uso, ziitwazo keratosaiti, ambazo kwa kawaida hulala kimya kati ya shuka za kolajeni, hufa kwa mpango maalumu ndani ya saa chache, kana kwamba konea inazima taa za chumba kilichovamiwa. Zile zilizoko ndani zaidi huamka, huongezeka na kusogea mbele kukarabati. Jicho likiwa na bahati, na jeraha likiwa la wastani, seli hizo hutengeneza kolajeni kidogo kisha hurudi usingizini. Jeraha likiwa la kina, hasa kwa watu waliokuwa na zaidi ya dayopta 6, au epithelia ikichelewa kufunga, baadhi hugeuka kuwa miofibroblasti, seli zenye nguvu za kuvuta kingo za kidonda kama zile za kwenye ngozi, ambazo zenyewe hazipitishi nuru vizuri na humwaga kolajeni isiyo na mpangilio. Hapo huonekana ukungu mweupe katikati ya konea, ambao hufikia kilele kati ya mwezi wa tatu na wa sita na mara nyingi huyeyuka ndani ya mwaka mmoja, keratosaiti zikiwa zimerudi na kuipanga upya ile kolajeni.

Madaktari walipata dawa ya kuupunguza ukungu huo kwa kuazima kwa madaktari wa saratani: mitomaisini, ambayo huzuia seli kugawanyika, huwekwa juu ya stroma iliyokwisha kukwanguliwa kwa sekunde kadhaa, ikiwa imechanganywa kwa asilimia 0.02 tu, kisha huoshwa kwa maji mengi. Matone ya steroidi nayo hutumika kwa wiki au miezi kutuliza uvimbe, na hapa tahadhari ni lazima itolewe bila kupunguza uzito wake. Steroidi zikitumika kwa muda mrefu hupandisha presha ya jicho, ambayo huua neva ya kuonea kimyakimya na bila kurudishika, kwa hiyo matone hayo hayapaswi kununuliwa tena kwenye duka la dawa kwa sababu tu chupa ya kwanza imeisha na jicho bado linawasha. Jambo la tatu ni jua. Mionzi ya urujuanimno inayolifikia jicho katika miezi ya kupona huongeza uwezekano wa ukungu, na mgonjwa anayeishi Nairobi, karibu na Ikweta na takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, au Zanzibar, ambako mwanga hurudishwa na mchanga mweupe na maji, anahitaji miwani ya jua yenye kinga ya kweli kila atokapo mchana, hata kama mawingu yametanda.

Njia ya pili, LASIK, ambayo Ioannis Pallikaris aliiendeleza katika kisiwa cha Krete mwishoni mwa miaka ya 1980, ililikwepa tatizo la ukungu kwa ujanja mmoja: epithelia ya katikati iachwe salama. Daktari hukata kifuniko chembamba cha konea, chenye unene wa maikroni 100 hadi 120 kinapokatwa kwa leza ya femtosekunde, yaani leza ya mapigo mafupi mno, hukiacha kikining'inia kwa bawaba upande mmoja, hukifunua kama ukurasa wa kitabu, leza ya eksima ikakwangua stroma iliyo chini, kisha kifuniko hurudishwa. Kwa kuwa jeraha la epithelia liko kwenye ukingo tu, kemikali za tahadhari ni chache, keratosaiti hazichachamai, na ukungu ni nadra. Mgonjwa huona vizuri kesho yake asubuhi.

Kifuniko hakishonwi. Daktari hukiosha, hukilaza, hukipangusa kwa sifongo chenye unyevu kutoka kwenye bawaba kwenda nje ili kisiwe na makunyanzi, husubiri dakika chache, kisha hubonyeza konea pembeni ya ukingo na kutazama kama mikunjo midogo inapita kutoka upande mmoja wa mkato hadi mwingine; ikipita, kifuniko kimeshika. Kinachokishikilia katika saa hizo za mwanzo ni zile seli za endothelia zinazofyonza maji kutoka nyuma, na baada ya takriban siku moja epithelia hupita juu ya ukingo na kuuziba. Katika siku za mwanzo daktari hutafuta chini ya kifuniko chembechembe nyeupe za uvimbe zilizojipanga kama mawimbi, hali ambayo madaktari waliibandika jina la mchanga wa Sahara, na ambayo ikiwahiwa hutibika.

Hata hivyo mkato wa LASIK haupati kamwe kupona kikamilifu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliopima konea za watu waliokuwa wamefanyiwa upasuaji huo wakiwa hai kisha macho yao yakatolewa kwa sayansi baada ya kufariki, ulionyesha kwamba kovu la ukingoni lilikuwa na wastani wa asilimia 28 ya nguvu ya stroma isiyokatwa, na kwamba katikati, mahali ambapo kifuniko kinalalia stroma, nguvu ya mshikamano ilikuwa asilimia 2.4 tu. Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayofafanua kila kitu: jicho linaona vizuri kesho yake kwa sababu katikati pamebaki karibu bila kuungana. Kwa maisha ya kawaida hilo halina shida, lakini pigo kali la jichoni linaweza kukihamisha kifuniko hata baada ya miaka, kwa hiyo bondia, askari na mtu mwingine yeyote ambaye kazi au mchezo wake humweka katika hatari ya kupigwa usoni hushauriwa kuchagua PRK na kuyavumilia maumivu yake. Njia ya tatu, SMILE, ambayo madaktari wa Ujerumani waliieleza mwaka 2011, huchonga ndani ya stroma kipande chenye umbo la lenzi na kukivuta kupitia tundu la milimita 2 hadi 4, bila kifuniko chochote.

Polepole kuliko vyote hupona neva. Neva za konea huingia kutoka pembezoni na kupanda hadi chini ya epithelia, na mkato wa kifuniko huzikata karibu zote isipokuwa zinazopita kwenye bawaba. Neva hizo hufanya kazi zaidi ya kuleta maumivu: huupa ubongo taarifa kwamba uso wa jicho umekauka, ubongo ukaagiza machozi na kupepesa, na pia hulisha epithelia kwa kemikali zinazoifanya iwe na afya. Zikikatwa, jicho hukauka bila kujua kwamba limekauka. Wagonjwa wengi hutumia machozi ya dukani kwa miezi mitatu hadi sita, na wachache kwa muda mrefu zaidi. Vipimo vya darubini vimeonyesha kwamba wingi wa neva hukaribia hali yake ya awali baada ya miaka 2 kwa PRK na miaka 5 hivi kwa LASIK. Wako pia wagonjwa wachache ambao neva zao huota upya vibaya, wakabaki na uchungu wa kuungua ambao daktari akitazama jicho haoni sababu yake, na ni dhuluma kuwaambia watu hao kwamba wanalalamika bure kwa kuwa wanasoma herufi zote ubaoni.

Maagizo ya wiki za mwanzo yanatokana moja kwa moja na mambo haya. Maji ya bomba, ya kisima au ya bahari hayatakiwi kuingia jichoni wakati epithelia haijashikamana, na Mwislamu anayetawadha mara tano kwa siku ana ruhusa ya sheria yake ya kutoiosha sehemu yenye jeraha, jambo ambalo daktari anafanya vema kulizungumza naye kabla ya upasuaji badala ya kumwachia ajitatulie mwenyewe chooni au msikitini. Kioo cha kinga huvaliwa usiku ili mkono usilifikiche jicho usingizini.

Kufikicha kunastahili neno la ziada. Mzio wa macho, ule unaowafanya watoto wengi wa Afrika Mashariki wawe na macho mekundu yanayowasha msimu hata msimu, huendana na ugonjwa wa keratokonasi, ambao huifanya konea idhoofike na kuchomoza kama pia. Konea ya namna hiyo ikipunguzwa kwa leza hulegea zaidi na kuendelea kuchomoza, na hakuna uponyaji unaoweza kuirudisha. Kwa hiyo uchunguzi wa kabla, unaopima unene na kuchora ramani ya mbenuko wa mbele na wa nyuma, ni sehemu ya upasuaji kwa uzito ule ule wa leza, na kanuni ya zamani ya LASIK hutaka zibaki angalau maikroni 250 za stroma chini ya kifuniko. Kituo kinachompokea kijana asubuhi na kumlaza chini ya leza jioni bila kumuuliza kama alikuwa akifikicha macho utotoni kinastahili kukimbiwa.

Epithelia nayo haiachi kufanya kazi hata baada ya kila kitu kutulia. Kwa kuwa kope husukuma uso wa konea ulingane, seli huongezeka unene mahali ambapo leza imepachimba na kupungua panapoinuka, na kwa njia hiyo hufuta sehemu ndogo ya marekebisho; baadhi ya wagonjwa hujikuta katika mwaka wa kwanza wamerudi nyuma kwa nusu dayopta au zaidi. Baada ya umri wa miaka 40 lenzi ya ndani hukakamaa kama ya kila mtu, na miwani ya kusomea huhitajika, kwa kuwa leza haikuigusa lenzi hiyo. Presha ya jicho ikipimwa kwa kifaa cha kubonyeza konea huonekana ndogo kuliko ilivyo, kwa sababu konea imekuwa nyembamba, na hivyo ugonjwa wa presha ya jicho huweza kumpita daktari asiyejua historia. Mtoto wa jicho akija uzeeni, hesabu ya lenzi bandia hutoka kombo ikiwa haikuzingatia umbo lililobadilishwa. Karatasi ya vipimo vya kabla na baada ya upasuaji inafaa kuhifadhiwa pamoja na cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa bila taa maalumu hakuna atakayeona kitu; bali daktari atakayelimulika jicho lililofanyiwa LASIK miaka 20 baadaye kwa taa ya mwanga mwembamba ataona, karibu na pembezoni mwa konea, mstari mweupe uliozunguka kama mwezi mchanga na kukoma kwenye bawaba.